Konokono Mwenye Mlango wa Kushoto

Wiki iliyopita niliwakuta konokono wadogo wamejibandika kwenye kioo cha tangi la samaki, hapa nyumbani, mtaa wa Picha ya Ndege. Hatukuwanunua. Nadhani walikuja na majani ya maji ambayo binti yangu alipewa na rafiki yake wa Kongowe.

"Mama, hawa ni konokono gani?"

Nilimtoa mmoja kwa kijiko, nikamshika ncha ya gamba ikitazama juu. Mlango wake ulikuwa kushoto. Nikatafuta kiti.

Ngoja nikueleze. Mimi na dada yangu tulilelewa na bibi, Kisarawe. Kila jioni, tukimaliza kumenya mihogo, tulishuka bondeni kuchota maji kwenye dimbwi lenye mayungiyungi. Maji yalikuwa vuguvugu juu, baridi miguuni, na vyura hawakunyamaza. Tuliwabandua konokono kwenye majani, tukawapanga juu ya jiwe na kuwaita ng'ombe wetu. Dada alikaa majini mpaka vidole vikakunjamana, bibi ameshaita mara tatu, kisamvu kimeshaungwa nazi.

Mwalimu wetu wa sayansi ndiye aliyetufundisha kuwatambua. Alileta konokono darasani kwenye chupa ya jamu. Baadhi ya wenye mlango kushoto, alisema, hubeba kichocho, na mtoto akikojoa damu apelekwe zahanati. Nilimweleza bibi kwamba wa dimbwini ndio hao hao. Aliendelea kukuna nazi.

"Maji hayo hayo ndiyo yamemkuza mama yenu," akasema. Na bomba hatukuwa nalo.

Haikupita muda, dada akaniita nyuma ya choo. Mkojo wake ulikuwa umeishia kwa damu.

"Usimwambie mtu. Bibi atadhani nimeanza mambo ya wakubwa."

Nilijua ni nini. Nilinyamaza kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu aliniahidi ukoko wake wa wali kwa mwezi mzima. Niliula wote.

Baadaye damu ikapungua, naye hakuitaja tena. Alikua, akaolewa, akazoea kuvumilia maumivu. Mwaka juzi daktari akamwambia ni saratani ya kibofu, kisha akamuuliza kama aliwahi kuugua kichocho, na utotoni alikuwa akioga wapi. Dada alinitazama kwanza ndipo akajibu. Tulipotoka nje akanishika mkono.

"Tulikuwa watoto, mdogo wangu."

Dada tulimzika Kisarawe, kando ya bibi. Watu walipotawanyika nilishuka bondeni. Dimbwi limefukiwa kwa kifusi, juu yake pamejengwa nyumba ya tofali, na hakuna chura hata mmoja. Mwalimu alihama zamani, hakuna ajuaye alikokwenda. Ningependa kumuuliza kama vidonge vya zahanati vingemwokoa dada, ingawa jibu nadhani ninalo.

Dada peke yake ndiye aliyekuwa bado ananiita Kidude, jina langu la utotoni. Sasa hakuna tena anayelijua.