Kigari cha Mashua ya Bwana Muthama

Mohdhar alipata mke na baba mkwe siku moja, na baba mkwe ndiye aliyemwingia hadi kwenye mifupa. Mke alikuwa Salme, binti wa Mombasa, mcheshi, mwenye ulimi usiolala. Baba mkwe alikuwa Mzee Taib, fundi wa mashua aliyepanda bara zama za mkoloni kutengeneza vijimashua vya wazungu katika klabu moja ya bwawani, nje kidogo ya mji wa Nairobi. Mzee ndiye aliyemtia Mohdhar kazini hapo mwaka wa 1966, na mwaka uliofuata akamwoza binti yake kwa sharti lililotajwa waziwazi mbele ya wazee: Salme atakaa Nairobi maadamu mumewe ana kazi. Kazi ikikatika, atarudi kwa mamake.

"Inshallah haitakatika," alisema Mohdhar akicheka. Kijana mwenye mikono mizima hudhani kazi ni kama pumzi, ipo tu.

Walipanga vyumba viwili huko Riruta, upande wa Satellite, jirani na akina mama wa Ukambani waliomfundisha Salme salamu zao na kumcheka alivyozitamka. Baridi ya Julai ilimtesa, lakini Mombasa hakuitaka tena. Kwa mamake alikuwa mtoto wa kutumwa. Hapa alikuwa mwenye nyumba. Jioni alimwuliza mumewe kazi ya siku ile, na Mohdhar naye, hakuna alichopenda kama kuulizwa. Mara nyingine alichukua kibiriti akakitelezesha kwenye ukingo wa meza, kushoto na kulia.

"Hiki ndicho kigari," akamweleza. "Kina magurudumu madogo, kinakimbia juu ya reli huku nyuma ya mashua, kwenye tezi. Demani, ile kamba ya kuongoza tanga, imefungwa hapa. Upepo ukigeuka, tanga linahama na kigari kinahama nalo. Kikichomoka, huna tanga, una mwendawazimu aliyeshika kamba."

Salme alicheka. Kwa ajili ya kicheko kile Mohdhar angebeba bwawa zima kichwani.

Mwanzo wa mwaka wa 1971 ililetwa bandani mashua ya Bwana Muthama, mkubwa mmoja wa serikali, miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuingia klabu ile kama wanachama na si kama watu wa kufua mataulo. Mohdhar aliposukuma kigari chake kwa kidole, kilicheza kama jino la mtoto. Magurudumu yalikuwa yamelika upande mmoja, na reli imefanya bonde pale katikati kigari kinaposimama sana. Dawa yake ilijulikana: reli mpya, na magurudumu mapya ya shaba, ambayo mafundi wa Ngara wenye mashine za kukereza wangeyatoa kwa siku moja.

Alimwendea mkwewe ameinamisha macho. Kwao mkwe hatazamwi usoni wakati wa kuambiwa jambo, sembuse kuambiwa kosa.

"Baba, kigari cha mashua hii nakiona kimechoka."

"Kimechoka?" Mzee Taib aliweka tupa chini. "Mashua hii niliipitisha mimi juma lililopita. Leo nimwendee katibu wa klabu nimwambie macho yangu yamekufa?"

Akachukua bati la mkebe, akalikata vipande vyembamba, akaviviringisha kwenye misumari ya magurudumu, akakaza, akapaka grisi nyingi. Kigari kikaacha kucheza.

"Haya, tazama. Kipya hicho."

Si kipya, na Mohdhar alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Akasema, "Naam, Baba," akaenda kushika kazi nyingine. Mwanzia, mwenzao wa bandani, Mkamba asiyejua kupaka neno mafuta, alimfuata nyuma.

"Hiyo kitu itatoka. Kwa nini huongei?"

"Yule ni baba wa mke wangu."

"Sasa? Juu ni baba ya bibi yako ndio chuma itashika?"

Swali zuri, na mpaka leo halijajibiwa. Watu wetu husema heshima si utumwa. Huisema sana, na huiandika hata kwenye kanga.

Jumapili ya mashindano upepo uliteremka kutoka Ngong kwa vishindo. Bwana Muthama alipokata kona na tanga kuhama upande, kigari kilikimbia juu ya reli, bati likachomoka, na chuma chote kikaruka mwisho wa kamba kikampiga taya. Walimtoa majini akiwa hai, mdomo umejaa damu, meno ya mbele yamekwenda.

Kesho yake katibu wa klabu aliwasimamisha mafundi mbele ya kamati. Mwanachama Mwafrika kaumia, magazeti yangesema nini? Alitaka mtu, na alimtaka asubuhi ileile.

"Nani alifunga kigari kile?"

Mwanzia alimtazama Mzee Taib. Mzee Taib alitazama viatu vyake.

Hapa ndipo Mohdhar alipokosea, na kosa lake ni la watu wake. Alikolelewa, aibu ikimwelekea mkubwa mbele ya wageni, mdogo hujitwika haraka, aseme ni mimi. Kisha mkubwa husogea akamtua: la, huyu mtoto ananisitiri tu, kosa ni langu. Hivyo wote wawili hutoka na uso. Mohdhar alikwisha yaona hayo mara nyingi kwa baba yake na ami zake, wala hakuwahi kuona mkubwa akikosa kufanya sehemu yake.

"Mimi," alisema. Akangoja.

Mzee Taib alitikisa kichwa polepole. "Vijana wa siku hizi," alimwambia katibu.

Basi. Mohdhar alifukuzwa kabla ya adhuhuri. Fadhila za punda mateke, lakini punda angalau hapigi akiwa amevaa kofia ya viua kama mzee wa heshima.

Alizunguka Ngara kwa mafundi wa vyuma, akashuka mjini hadi River Road, akapanda Westlands kwenye gereji. Kila alikoulizwa alikotoka, akataja klabu, na kila aliyeisikia klabu alikumbuka taya la Bwana Muthama. Hasira ilimlala kifuani mchana kutwa. Jioni Salme alimwuliza kulikuwaje, naye akajibu, "Bado." Mambo ya kibiriti yakaisha.

Mzee Taib alikuja Riruta Jumamosi moja alasiri, amevaa kanzu safi. Alikunywa chai. Akasema sharti ni sharti, na binti yake hakuolewa aje kushinda njaa ugenini. Basi la Mombasa linaondoka jioni. Aliyasema bila kupepesa jicho, katika nyumba ya mtu aliyembebea kosa lake.

Salme alikuwa amekwisha funga sanduku. "Baba, nenda ukatungojee nje," alisema. Mzee alipotoka, alirudisha mlango akamgeukia mumewe.

"Niambie mimi tu. Kigari kile ulikifunga wewe?"

Mohdhar aliitaka kweli itoke; aliisikia kabisa imefika kwenye meno. Lakini atamvuaje mzee nguo mbele ya mwanawe wa kumzaa? Mtu akishamwambia mwanamke baba yako ni mwongo, atakula naye sahani moja vipi?

"Nilikifunga mimi."

Salme aliichukua buibui yake msumarini. Hakulia.

"Baba aliniambia jana kwamba ni yeye," alisema. "Nilimbana mpaka akasema. Nikamwuliza mbona alinyamaza. Akaniambia, nilijua mumeo hatasema kitu, hata ukimwuliza wewe." Alijifunga buibui. "Unadhani nilimtoa nje kwa nini? Kama ungenijibu kweli, angeondoka hapa peke yake. Nilishamwapia."

"Salme, nilikuwa nakustahi wewe."

"Hukunistahi. Ulinidanganya kwa ajili ya mtu asiyekufaa lolote."

Alifungua mlango akatoka. Mzee Taib alikuwa uani, akainama kutaka kuchukua sanduku lililokuwa kizingitini. Mohdhar aliona mkono ule wa kizee ukinyooka, na kabla hajafikiri alikwisha sogea mbele, maana haifai kabisa mkwe abebe mzigo ilhali mume wa bintiye yupo.

"Niachie, Baba," alisema.

Akaliinua sanduku la mkewe, akawafuata nyuma hadi kituoni.