Gauni la Injini

Nilipomaliza kujenga nyumba yangu Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa na kuta nyeupe na kiburi kingi. Wageni waliniuliza mbona sijaweka kalenda wala picha ya harusi. Niliwajibu kwamba ukuta ule una wenyewe. Fremu nilikuwa nimeshatengenezewa, tatu, zenye vioo, na nikazitundika tupu karibu na dari, pale ambapo kila nyumba ya kwetu hutundika vitu vyake, mgeni ainue shingo. Fundi alinicheka. Nilimwambia ashughulike na misumari yake.

Zilikuwa zinangoja michoro ya baba. Ujanani alifanya kazi Nairobi, katika ofisi ya reli, akinakili kwa wino michoro ya injini za moshi: tangi la maji, bomba la moshi, magurudumu na fimbo za kuyazungusha. Hakuchora kwenye karatasi bali kwenye kitambaa chembamba kilichopakwa wanga mpaka kikawa kigumu na cha kung'aa. Ofisi ilipotaka kutupa nakala kuukuu, baba aliomba zake, akazileta nyumbani Bumula kabla sijazaliwa na kumkabidhi mama azifungie sandukuni. Nilikua nikiisikia hadithi ya sanduku hilo. "Ukipata nyumba yako, hizo ni zako," baba aliniambia mara nyingi.

Sasa macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na alitaka kuziona ukutani kabla hajashindwa kuona kabisa. Kwa hiyo Jumamosi moja nilishuka Bungoma, nikaenda Bumula. Nilimkuta amekaa mlangoni amevaa koti, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Enda ufungue, mama," aliniambia, jinsi alivyozoea kuniita mimi bintiye. "Ziko kwa sanduku."

Mama alinifuata chumbani, akafunga mlango. Sandukuni mlikuwa na mablanketi tu. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameshika gauni dogo jeupe, lile nililobatiziwa.

"Hii ndiyo ilibaki," akasema polepole. "Hizo zingine niliosha."

Akanieleza. Baba alikuwa Nairobi, mimi nikiwa mchanga, na wanawake wenzake kanisani wote walikuwa wameshanunua kitambaa cheupe cha ubatizo. Yeye hakuwa nacho. Siku moja chai ilimwagikia mchoro mmoja, akauosha. Wanga ulitoka, wino ukaondoka nao, na kilichobaki mikononi kilikuwa laini kuliko kitambaa chochote cha dukani. Akaichemsha michoro mingine moja baada ya nyingine, kila alipopata mtoto. Ilitoa magauni, foronya na vitambaa vya viti ambavyo nilikuwa nimevikalia maisha yangu yote.

"Usiambie baba yako. Ati mpaka leo hajui. Nitaweka uso wapi?"

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sinong'oni. "Mama, hiyo ilikuwa kazi ya mikono yake!"

"Si ungebatizwa uchi basi!"

Mlango ukafunguka. Baba alikuwa amesikia. Alinyoosha mkono, akapewa gauni, akalisogeza karibu na macho na kuligeuza pindo. Pale wino haukutoka wote. Chini ya mshono wa mama palikuwa na nusu ya gurudumu la injini, la kijivu, hafifu, na vijiti vyake vyote.

"Hii niliona kanisani, nilipokuja kwa ubatizo wako," akasema. "Nilikuwa nimekubeba. Gurudumu lilikuwa hapa kwa mkono yangu."

Mama akakaa kitandani. "Uliona na ukanyamaza?"

"Sasa ningesema nini, bana, na mtoto amependeza hivyo?"

Nilimuuliza mbona basi aliniahidi miaka yote hiyo. "Nilidhani alichukua moja tu," akasema. Ilimuuma, wala hakujaribu kuficha. Mama alilia.

Fremu mbili nilizishusha. Katika ile kubwa nililitandaza gauni. Wageni hulitazama, wakapunguza sauti, wakaniuliza nilimpoteza mtoto yupi, maana kwetu nguo ya mtoto haitundikwi bure. Nikiwaambia ni injini ya moshi, hunitazama vibaya zaidi.

Baadaye wazazi walikuja Kitale kunitembelea. Baba aliomba fremu iteremshwe kutoka darini hadi usawa wa uso wake, na fundi akaja tena na misumari na kicheko chake. Baba alisogea mpaka paji la uso likagusa kioo. Alitafuta gurudumu kwa muda mrefu, upande huu na ule, asilione. Mama alikuwa nyuma yake. Alimshika kidole, akakiweka juu ya kioo, palepale kwenye pindo.

"Ni hapa," akamwambia.