Neno Nililolifuta Kwenye Daftari la Wote

Baba mkwe wangu nilimjua kwa mwandiko. Kwa sura sikumjua, na sitadanganya kwamba nilimchungulia. Mimi ni Mhehe wa Ilula, niliolewa Uyole na Mnyakyusa, na katika nyumba ile mke wa mtoto na baba mkwe hawakuonana. Akipita njia ya kisimani, naingia kwenye mahindi mpaka apite. Nikisikia sauti yake uani, nazunguka nyuma ya jiko. Jina lake sikulitamka. Mwanzoni nililia kwa hilo, maana kwetu baba mkwe unampigia goti, unamsalimu, yanaisha. Baadaye nikazoea.

Alishakufa, miaka mingi sasa. Mume wangu naye kafariki mwaka jana, na mimi ninakaa Kihesa kwa binti yangu. Jioni moja binti alinionyesha kwenye simu yake kitabu kisicho na mwandishi mmoja. Anakiita wiki. Mtu yeyote anaongeza anachokijua, mwingine akiona kosa anasahihisha, na kila badiliko linabaki limeandikwa, nani kabadilisha na lini. Alidhani ananionyesha jambo jipya. Nikamwambia Uyole tulikuwa nalo miaka ya sabini, la karatasi. Akacheka. Nilipomsimulia yote aliacha kucheka, akaniambia niandike.

Tulikuwa na darasa la watu wazima. Watoto wakishatoka shule, sisi tunaingia, tunakaa kwenye madawati yao, magoti yanafika kifuani. Nje malori yanabadilisha gia kwenye barabara kuu, na mwalimu ananyamaza mpaka lori lipite, ndipo aendelee na silabi. Mimi nilikuwa na darasa la nne, kwa hiyo nilijiona msomi. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia daftari kubwa la jalada gumu, limefungwa kwa kamba ya katani pamoja na penseli. Tuliliita daftari la wote. Kila mtu aliandika humo jambo analolijua kwa hakika. Asiyejua kuandika alisema, mwenzake akaandika. Humo mliandikwa kisima kisichokauka mwezi wa kumi, namna ya kumtoa ng'ombe kupe masikioni, jivu la kuchanganya na mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu, jina la dereva asiyekataa kubeba mgonjwa.

Majina yetu hatukuyaandika. Kila mtu alichora alama yake. Baba mkwe alichora jembe. Mimi nilichora chungu. Na mwalimu alikuwa na sheria moja, aliirudia kila siku: "Hakuna kufuta. Ukiona kosa, andika chini yake unavyojua wewe, weka alama yako. Tutasoma yote mawili."

Wanaume walisoma Jumanne na Alhamisi, wanawake Jumatatu na Jumatano. Kwa hiyo mimi na baba mkwe hatukukutana darasani, lakini mwandiko wake niliukuta kila Jumatatu. Aliandika herufi kubwa, zimesimama wima, kama mtu anayechomeka nguzo za zizi. Nilizipenda. Nilikuwa nafungua kutafuta jembe kabla ya kutafuta kitu kingine.

Jumatatu moja, ilikuwa Desemba, nikakuta ameandika: MAHARAGE PANDA MWEZI WA TATU. Chini, jembe.

Nikasema moyoni, mzee kakosea. Ilula tulikuwa tunapanda mwezi wa kwanza, mvua isije ikatukimbia. Mwezi wa tatu kwetu umechelewa, unavuna makapi. Sheria ilinitaka niandike chini yake. Lakini kuandika chini ya maneno ya baba mkwe, kumwambia mbele ya darasa zima kwamba hajui, niliona ni sawa na kutoka nyuma ya jiko na kusimama mbele yake. Sikuweza. Na kuacha kosa pale nikaona ni kumwaibisha. Nikachukua kipande cha mpira wa ndala, nikafuta neno TATU taratibu, nikaandika KWANZA kwa herufi kubwa za wima, kama zake. Jembe nikaliacha.

Naapa niliona ni heshima.

Mwezi ule tulikuwa na jirani mpya, mama mjane aliyehama kutoka Usangu na watoto wawili. Ardhi ya Uyole hakuijua. Alianza darasa akiwa hajui hata a, naye alikuwa na ulimi mkali. Akiniona tu: "Fungeni mbwa, Mhehe anapita!" Namjibu, "Wako nimeshamla juzi, dada, hukumsikia analia?" Tulipendana sana.

Jumatano moja mwanzoni mwa Januari akasimama mbele ya daftari, akaweka kidole kwenye ukurasa wa jembe. Akavuta silabi moja moja. "Ma-ha-ra-ge. Pa-nda. Mwe-zi. Wa. Kwa-nza." Akageuka, uso unang'aa. "Nimesoma! Mwenyewe! Nani kanisaidia? Nani?"

"Hakuna," tukasema, tukapiga vigelegele.

"Basi na kupanda nitapanda mwenyewe."

Alikwenda kupanda mbegu zote alizokuja nazo. Mimi nilifurahi naye. Mwezi wa tatu maharage yake yalikuwa yamejaa mapodo, yale maganda ya mbegu, na sisi wengine ndiyo kwanza tunatia mbegu ardhini, maana mume wangu alilima kwa kumfuata baba yake, hakulima kwa kufuata daftari. Nilimnung'unikia kidogo.

Kisha ikaja Aprili ya Uyole. Ilula Aprili mvua inaaga. Uyole ndiyo inakaa. Ilinyesha usiku na mchana, ukungu haukuondoka shambani, na maharage ya jirani yalikuwa yamekauka tayari yakisubiri kung'olewa. Mapodo yakawa meusi. Mbegu zikaota zikiwa ndani ya mapodo. Nilimkuta amechuchumaa kwenye mstari, amepasua podo kiganjani.

"Mhehe," akaniambia, "kusoma nilisoma vizuri. Au nilikosea?"

"Ulisoma vizuri."

"Basi mzee ndiye."

Na hilo ndilo likasemwa Uyole nzima. Darasa la wanaume lilimpa mzee jina la Bwana Januari. Walimwuliza kama mwaka ujao atawaambia wavune kabla ya kupanda. Yeye hakujitetea. Jioni moja mume wangu aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akatazama moto.

"Baba anasema hakuandika hivyo," akasema. "Halafu anasema jembe ni lake, herufi ni zake. Leo ameniuliza kama nimewahi kumwona akizungumza peke yake."

"Kwa nini akuulize hivyo?"

"Anadhani kichwa kinamtoka. Anasema babu yake alianza hivyohivyo. Hataki kurudi darasani."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikamwambia hapohapo, ugali ukaungua. Mume wangu hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Sasa nitamwambiaje? Kwamba mkwe wake ameshika maneno yake kwa mkono?"

"Usimwambie. Nitaandika mimi."

"Chini ya jembe lake?"

"Chini ya jembe lake."

"Huo ni mwiko uleule."

Tukampelekea mama mkwe shauri. Alikuwa anachambua mboga, na hakuacha kuchambua. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama. "Kumbe ni wewe. Mume wangu halali wiki ya pili sasa, ananiuliza majina ya watoto wake mwenyewe ahakikishe kama anayajua. Na wewe unapita hapa na chungu chako." Nikainama. Akaendelea, "Atasoma karatasi, hatakusoma wewe. Nenda kaandike. Ukiogopa kuandika, mimi nitamtuma mtoto akutangaze sokoni."

Kabla ya darasa nilikwenda kwanza kwa jirani nikamwambia. Tuliahidi kumgawia nusu ya maharage yetu yakivunwa, na tulimgawia, lakini ule mwaka wanawe walikula viazi vitupu miezi mingi, na nilikuwa nawaona. Hilo sikulilipa. Utani wa mbwa aliurudisha baadaye sana.

Jumatatu niliandika mbele ya wanawake wote: Neno KWANZA niliandika mimi. Mwenye jembe aliandika TATU. Nilifuta kwa mpira wa ndala. Yeye hakukosea, mimi nilikosea. Nikachora chungu. Mwalimu alisoma, akasogea dirishani. Wanawake wawili walitoka nje kwa ajili ya mwiko. Sikuwalaumu.

Jumanne nilishinda nyuma ya jiko. Mume wangu alisema baba yake ameombwa na wenzake arudi darasani, na amekwenda. Aliporudi nilisikia akikohoa uani, akaingia ndani kwake. Siku hiyo sikujua zaidi ya hapo.

Jumatano nilifika darasani kabla ya wote. Chini ya chungu changu palikuwa na mwandiko wake, herufi zimesimama wima kama siku zote. NIMEONA. USIFUTE TENA. Kisha mstari mtupu. Kisha: HUKO KWENU MVUA HUISHA LINI?

Nilikaa kwenye dawati la watoto. Nilikuwa na miaka mitatu katika nyumba yake, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza aliyonielekezea. Penseli ilikuwa fupi, nikainoa kwa meno. Nilitaka kuanza na mvua, nikaona siwezi kumjibu mtu mzima bila salamu. Nikaandika, Shikamoo baba. Ndipo nikaeleza Ilula, udongo wake, upepo wa mwezi wa nne, ukurasa mzima na nusu.

Jibu lilikuja Jumatatu iliyofuata. MARAHABA. Halafu akauliza nyanya huko kwetu hupandwa lini.