Pipa la Buni la Shangazi Asha

Nakumbuka siku ya pipa la buni vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Umekuja na hilo pipa lako la kukaangia kahawa, unataka nikuambie ni zuri. Kaa kwanza. Nitakueleza la kwangu, nawe usinikatize, maana nyinyi vijana mkisikia neno la tatu mnadhani mmeshajua la kumi.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, yule Mjerumani. Nilikuwa nimerudi kutoka Usumbura, ambako nilikaa miezi mingi kwa fundi wa bati karibu na boma. Alinifundisha kulehemu, yaani kuyeyusha risasi na kuunganisha bati kwa bati. Hapa Rumonge, kando ya ziwa, hakukuwa na mwingine wa kazi hiyo, basi nikajiona. Niliziba mabirika, masufuria na makopo ya kutekea maji. Watu walinisifu, na sifa zao nilizimeza bila kutafuna.

Shangazi Asha, dada mkubwa wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Alikuwa mjane na kazi yake ilikuwa kahawa. Buni zilimfikia kwa mashua kutoka Ujiji, akazikaanga kwenye kikaango cha udongo, akazitwanga pamoja na tangawizi, na kahawa yake ndiyo iliyonywewa msikitini, matangani na arusini, kuanzia hapa mpaka Kigwena. Lakini moshi wa miaka yote ile ulikuwa umemharibia macho. Rangi ya buni hakuiona tena sawasawa, na mara mbili kahawa ilitoka imeungua.

Wazee wakaanza kunong'ona. Mwalimu Saidi, aliyefundisha watoto Kurani na kusimamia mambo ya msikiti, akaja nyumbani. Akamwambia kwa adabu kwamba Maulidi yamekaribia, wageni watatoka Uvira na Ujiji, na kahawa ataipika yeye kama siku zote. Ila ikiungua tena, kazi atapewa mtu mwingine. Shangazi alijibu tu kwamba amesikia. Kazi ile ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyofanya watu wamwamkie kwa heshima njiani. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikasema moyoni kwamba jambo hili nitalimaliza mimi.

Huko Usumbura nilikuwa nimemwona mpishi wa Mdachi mmoja akikaanga buni ndani ya pipa dogo la chuma lililolazwa juu ya makaa. Alilizungusha kwa mpini wa pembeni, buni zikajigeuza zenyewe ndani, hakuna kuinama na mwiko motoni. Nikaona hicho ndicho Shangazi anachohitaji. Nikatafuta madebe mawili ya mafuta ya taa, nikayasugua kwa majivu na mchanga mpaka harufu ikaisha, nikayakata na kuyakunja yakawa pipa. Nikapitisha chuma kirefu katikati, nikatengeneza mlango mdogo ubavuni, na maungio yote nikayalehemu. Yaling'aa. Sikufichi, lilikuwa pipa zuri, na nililipitisha sokoni makusudi ili watu walione.

Shangazi alilipapasa kwa vidole, polepole. Alipofika kwenye maungio akasimama hapo.

"Ramazani, ile birika yangu uliziba, unaikumbuka?"

"Naikumbuka, Shangazi."

"Siku moja nilisahau, maji ikaisha juu ya moto. Ile kiraka yako ikaanguka mu makaa. Maji ikiwa ndani, inashika. Maji ikiisha, inaachia. Sasa hii pipa yako iko na maji ndani?"

Nikacheka. Ndiyo, mwanangu, nilimcheka mwanamke aliyenilisha kwa mkono wake. Nikamwambia hii ni kazi ya fundi, yeye ujuzi wake ni kahawa.

"Basi tujaribu na buni kidogo," akasema. "Konzi moja tu."

"Tutapoteza muda bure, Shangazi. Kesho wageni wanafika."

Natamani ningeweza kurudi nikamshika kijana yule masikio yote mawili. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Risasi haihitaji moto mkubwa kuyeyuka. Birika linadumu kwa kuwa maji ya ndani hayaliachi bati lipate moto mno, na buni hazina maji ya kumsaidia mtu. Mwanamke asiyeona vizuri aliliona hilo kwa sababu alikuwa anapika kila siku. Mimi fundi sikuliona kwa sababu sikuwahi kupika hata muhogo.

Asubuhi ya Maulidi nikawasha makaa, nikalijaza pipa buni zote zilizokuwepo. Shangazi alikuwa ametenga ile konzi moja aliyotaka tuanze nayo, nayo nikaimimina humo humo. Nikaanza kuzungusha. Mwanzo lilikwenda vizuri sana, harufu ikatoka, nikamwangalia ili anisifu. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Akaniambia nipunguze moto. Nikaongeza.

Nikaona tone moja jeupe linaanguka kwenye makaa, kisha la pili. Kabla sijaelewa, ungio lote la chini likafunguka na buni zikamwagika motoni. Badala ya kusogeza makaa, nikalinyanyua pipa kwa pupa, likapasuka na upande wa pili, zikamwagika hata zile zilizokuwa zimebaki. Shangazi alipiga magoti akijaribu kuzikwangua kwa mwiko, huku moshi ukimwingia kwenye macho yale yale niliyotaka kuyaokoa. Tulichookoa hakikujaa kata moja, nacho kilikuwa mkaa mtupu.

Niliposikia watu uani, nikalisukuma pipa kwa mguu nyuma ya nyumba. Walikuwa Mwalimu Saidi na wazee wawili, wamekuja kuulizia kahawa. Mwalimu akatazama moto, akatazama ule mwiko.

"Bi Asha, imekuwaje?"

"Ni mimi, Mwalimu," Shangazi akasema. "Macho yangu. Nimeunguza."

Kisha akageuza uso upande niliposimama, akangoja. Mwalimu naye akanigeukia.

"Na wewe Ramazani, uko na neno?"

"Hapana, Mwalimu."

Nilikuwa na ulimi, mwanangu. Nilikuwa na pumzi. Nilichokuwa nacho zaidi ni hofu kwamba hakuna atakayeniletea tena birika lake. Wageni wa Maulidi siku hiyo walinywa maji ya tangawizi, na kazi ya kahawa akapewa mtu mwingine. Shangazi alikaa wiki chache, akafunga vyombo vyake akaenda kuishi na binti yake Kigwena, akawa anavunja kokwa za michikichi. Hakunitamkia neno moja la lawama. Laiti angenipiga.

Nilijiambia nitasema wageni wakishaondoka. Wakaondoka, nikajiambia nitasema Shangazi akishatulia kwa binti yake. Akatulia, nikasema ya nini kufukua mambo yaliyokwisha. Unaona upumbavu wa mtu mzima? Na kazi yangu nayo ikapungua. Watu walinisalimia vizuri, wakanipita na birika linalovuja, wakaenda kununua jipya. Nikadhani wananihusudu. Ilipita karibu miaka miwili ndipo niliposhindwa kulala na jambo lile, nikaenda kwa Mwalimu Saidi baada ya sala ya adhuhuri, nikamweleza lote. Nilidhani atashangaa.

"Tulijua siku ile ile," akasema. "Pipa ulilipitisha sokoni, nani hakuliona? Na risasi ilikuwa mu majivu, inang'aa."

"Sasa mbona hamkumrudishia kazi yake?"

"Yeye amesema ni yeye. Tumwite mama mzima muongo, mbele ya watu? Neno lako moja lilikuwa linatosha, Ramazani. Nilikuuliza, yeye mwenyewe anasikia. Tukakaa tunakungoja."

Karibu miaka miwili mlango wa Shangazi ulikuwa wazi, na aliyesimama katikati yake ni mimi. Kesho yake nikaenda Kigwena. Nilimkuta uani amekaa na jiwe lake, anavunja kokwa kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Hata wangemrudishia kikaango siku hiyo, asingeweza. Nikamwambia nimeshasema kwa Mwalimu. Nikaanza kulia.

"Unalilia nini?" akaniuliza. "Nilikuambia habari ya birika, hukusikia. Nikakuachia nafasi useme, ukanyamaza. Sasa kazi iko wapi, na macho iko wapi? Kaa chini, leta mukono. Vunja hizi."

Nikavunja kokwa mpaka alasiri. Hakuniambia amenisamehe, wala sikuthubutu kumwuliza. Nilikuwa nakwenda kila baada ya siku chache, tunavunja pamoja, mpaka Mungu alipomchukua.

Basi hilo pipa lako, mwanangu, likunje maungio na ulipige misumari, usitie risasi. Hayo ni ya siku moja kujifunza. Ninalokuusia ni hili: anayekitumia kitu msikilize, hata kama hajui kukitengeneza, na jaribu kwa konzi moja kabla hujamwaga kapu la mwenzako. Na ukiharibu cha mtu, sema ni wewe, siku ile ile, mbele ya wale wale waliouliza. Usimwache anayekupenda aibebe aibu yako, maana akishaibeba, hakuna mwingine duniani anayeweza kumtua ila wewe.

Nenda. Mwenyezi Mungu akujalie mikono yenye kazi, akujalie masikio, na siku utakapokosea akupe ulimi usiochelewa kama wangu. Amina.