Nilimchimbia Mwizi Handaki, Akaingia Baba Mkwe

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hamjatafuta wa kumlaumu, maana mume wangu anadai kosa ni la kitabu, na mama mkwe anadai kosa ni la aliyenifundisha kusoma. Hapana. Ni mimi, kwa mikono yangu hii, kwa jembe na koleo.

Jina langu sitalitaja. Hapa kwetu Mbebe, Ileje, si siri tena, hata watoto wa shule wakipita wananipigia saluti. Lakini ninyi wa mbali nisikilizeni kama ndugu yenu, maana nimelibeba hili mpaka limenichosha.

Mume wangu yuko Tunduma, anahangaikia makaratasi ya malori mpakani. Huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nabaki na kahawa, kuku na mbuzi mmoja jike. Baba mkwe anaishi ng'ambo ya kijito. Moshi wa nyumba yake nauona, yeye mwenyewe simwoni. Kwa sisi Wandali wa kizamani, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hamgusi. Nikisikia anakuja njiani naingia kwenye migomba mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha. Mzee wetu hajaacha! Miaka tisa ya ndoa, ninachokijua kwake ni kofia yake ya pama na kikohozi chake.

Basi mwezi wa sita mume akanitumia chupa ya chai mpya. Ili isivunjike njiani aliizungushia matambara na kitabu kimoja alichoachiwa na dereva wa lori. Dereva huyo alikaa kwenye foleni ya mpaka hadi akakimaliza. Kitabu hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Aliyekiandika ni askari wa miguu, anasimulia vita alivyopigana msituni. Jina lake silijui mpaka leo. Mimi nikamwita Askari.

Jamani, kitabu kile! Nilikaa kando ya kichanja nikifukuza kuku wasipande juu ya kahawa, macho yakiwa kwa Askari. Anaeleza buti zilivyooza miguuni, maharage waliyokula mwezi mzima, namna ya kuchimba handaki la kufika kifuani na kulifunika, namna ya kumjua adui kwa alama alizoacha. Penye vilio nilikuwa napita mbio. Rafiki zake wakifa, naruka ukurasa. Mimi nilitaka mbinu!

Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimeharibika. Asubuhi nakagua kuku wakiwa kwenye mstari, na jogoo hakulipenda jambo hilo. Siku wanakwaya wenzangu walipochelewa mazoezini niliwauliza, "Kikosi kiko wapi?" Mwalimu wa kwaya alinitazama akauliza kama nimepimwa malaria.

Ndipo nikaziona alama.

Kila Jumanne naenda gulioni. Nikirudi, nakuta safu za juu za kahawa zimechumwa zile mbivu zote. Chini kuna alama za buti kubwa. Machipukizi yamekatwa vizuri, nyasi zimetandazwa mashinani. Sasa nawauliza, mwizi gani anachuma halafu anapogolea? Swali hilo lilinijia. Nikalipita kama nilivyozipita kurasa za msiba.

Nikamshuku Mama Neema, jirani yangu tuliyechumiana naye kahawa kila msimu tangu niolewe. Kisa? Anavaa buti za mumewe! Ushahidi wangu wote ulikuwa huo. Jumatano kwenye maombi ya kwaya nikasimama, nikasema, "Tumwombee mwizi wa kahawa, Bwana ampe viatu vinavyomtosha." Nikasema hivyo huku nikitazama miguu yake. Mama Neema akakunja kitabu chake cha nyimbo, akatoka. Ee Mungu wangu, ulimi huu!

Kesho yake nikaanza kuchimba. Siku tatu, peke yangu, katikati ya safu za juu. Mama Neema alipita barabarani. Alikuwa haniongeleshi, lakini lile shimo lilimshinda.

"Unachimba nini?"

"Shimo la parachichi."

"Parachichi gani hilo linalopandwa limesimama kama mtu?"

"Hiyo ni siri ya kambi," nikamjibu. Akaondoka akitikisa kichwa.

Jioni mume akapiga simu. Akasema, "Mke wangu, kuna kitu mzee aliniambia nikwambie, tangu mwezi uliopita. Kimenitoka kabisa. Cha shamba, nadhani."

Nikamwambia akikumbuka atanipigia, mimi niko kazini. Nikakata simu. Nikikumbuka hapo hadi leo natamani kujizaba kofi.

Jumanne ikafika. Nikatoka na kapu kichwani kama mtu wa gulioni, nikafika kwenye kona, nikazungukia migombani, nikalala kifudifudi nyuma ya mawe. Mkononi nina mchi wa kinu. Mbuzi nilikuwa nimemfunga pale pale shambani, ili adui aone kila kitu kipo kama kawaida. Ujanja huo si wa Askari, ni wangu mwenyewe.

Nikasikia hatua. Nikasikia matawi. Halafu puu!

Nikatoka mbio nimeinua mchi. "Mikono juu! Umezingirwa!"

Mikono ikainuka kweli kutoka shimoni, mikono miwili ya kizee. Mmoja ulikuwa umeshika kisu cha kupogolea, na ukingoni kofia ya pama ilikuwa imekwama kwenye majani.

Niligeuka nikapiga magoti nimempa mgongo. Mchi ulianguka nisijue ulikoangukia. Nikangoja ardhi inimeze, lakini shimo lilikuwa moja tu na lilikuwa na mtu.

Kisha sauti niliyokuwa sijawahi kuelekezewa kwa miaka tisa ikasema, "Mbuzi."

Mbuzi akainua kichwa.

"Mbuzi, mwulize mwenye shamba hili, nchi iko vitani na nani?"

Nikajibu bila kugeuka, "Mbuzi, mwambie mzee anisamehe. Nilidhani ni mwizi."

"Mbuzi, mwambie mwizi haendi kuimenya kahawa, akaikausha, akaitia kwenye magunia yenye jina la mwanangu. Magunia mawili yako kwangu. Mwambie kazi za huku zinamzidi, ana mikono miwili tu, ndiyo maana nachagua siku asiyokuwepo. Nilimwagiza mumewe amwambie."

Mbuzi alikuwa anatafuna majani ya mgomba niliyofunikia shimo. Mimi nililia kwa sauti. Yeye alikuwa ananisaidia! Wiki zote hizo! Alikuwa anangoja niondoke ili asinivunjie heshima, na mimi nikaondoka kwa uongo ili nimkamate.

"Mbuzi," ikasema sauti, sasa imepungua nguvu, "mwambie pia mguu hausimami."

Nikaleta ngazi, nikaisukuma kinyumenyume. Haikusaidia kitu, kifundo kilikuwa kinavimba. Kijiji kizima kiko gulioni, mama mkwe naye yuko huko huko. Simu nayo siku hiyo haina mtandao. Nifanye nini? Nimwache mzee wa watu kwenye baridi ile ya Ileje nikisema mwiko?

Nikakumbuka Askari alivyombeba mwenzake aliyejeruhiwa. Kumbe sura hiyo nilikuwa nimeisoma! Nikajifunika kanga kichwa na uso, nikashuka ngazi nimempa mgongo, nikainama.

"Mbuzi, mwambie mzee ashike mabega yangu."

Nilihesabu vikohozi vitatu.

"Mbuzi, mwambie mkamwana Mungu anaona."

Akashika. Na hapo ndipo paliponiuma zaidi, ndugu zangu, maana alikuwa mwepesi. Miaka yote nilimdhania jitu kubwa kwa jinsi nilivyomkimbia. Alikuwa mwepesi kama debe la kahawa kavu.

Tukatoka. Mimi sioni njia kwa sababu ya kanga, yeye anaona lakini hawezi kusema nami, na mkalimani tumemwacha amefungwa shambani. Tulipokaribia kugonga mti wa kwanza, mzee akakohoa. Nikasita. Akakohoa tena. Nikaelewa kwamba kikohozi kimoja ni kushoto, viwili ni kulia. Tulikwenda hivyo mpaka barabarani, na barabarani tukakutana na watu wote wanaorudi gulioni.

Mama Neema alikuwa mbele na beseni la nyanya. Beseni likaanguka.

"Yesu wangu! Kamanda, huyo ni majeruhi au mateka?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini ni Mama Neema huyo huyo aliyeziacha nyanya zake zikibingirika, akanipokea mzee, akaita bodaboda, akampakata nyuma mpaka zahanati. Nami nilikuwa nimemwita mwizi mbele ya kwaya nzima!

Kifundo kilikuwa kimeteguka vibaya. Mzee akaambiwa akae nyumbani wiki sita.

Wazee wa ukoo wakakaa. Mume wangu akaja kutoka Tunduma, na alipokuwa anashuka kwenye gari tu ndipo akapiga paji lake la uso: "Nimekumbuka! Mzee alisema atakuwa anakuchumia kahawa Jumanne!" Nikapokea begi lake tu. Ningemjibu tungekuwa na vikao viwili.

Wazee wakaamua nitoe mbuzi wa kuuosha uso wangu kwa mzee. Ninaye mbuzi gani mwingine? Mkalimani wetu akaliwa. Mzee, naambiwa, alikula kidogo sana, akasema huyo mbuzi alikuwa na adabu kuliko watu.

Kwenye kwaya nako nilisimama. Nikasema mwizi amepatikana, ni mimi, nimemwibia Mama Neema jina lake. Akasema, "Kaa chini, Kamanda." Wote wakacheka, yeye hakucheka. Msimu huu hatukuchumiana. Nachuma peke yangu, naye ng'ambo ya uzio anachuma peke yake, na nikisikia wimbo wake natamani kuitikia sauti ya pili lakini sithubutu.

Ni katika wiki hizo sita nilipokimaliza kitabu. Kahawa ya safu za juu ilikuwa inaanguka chini kwa kukosa mikono, nami nimekaa nasoma kurasa nilizoziruka. Mbele kidogo tu ya pale nilipokuwa nimekunja ukurasa, Askari anaungama. Asubuhi moja ya ukungu waliona mtu anakuja, wakapiga risasi. Alikuwa mwenzao, anawaletea chakula. Kumbe kitabu chote alikiandika kwa sababu ya mtu huyo! Mbinu za handaki zilikuwa za kupitia tu. Nilikifunga, nikalia mbele ya kuku.

Wangu yu hai. Hilo nalishukuru kila siku nikipiga magoti.

Handaki nimelifukia, na parachichi nimelipanda kweli. Wiki ya saba, Jumanne, kabla ya kwenda gulioni niliijaza chai ile chupa, nikaiacha chini ya mgomba na viazi vitamu vilivyofunikwa kwa kawa. Niliporudi, safu ya kwanza ilikuwa imechumwa. Chini palikuwa na alama za buti, na pembeni ya kila hatua tundu dogo la fimbo.

Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Msiamini sana. Wengine tunachimba, wanaingia wanaotupenda. Kwa hiyo ukisoma kitabu, soma mpaka mwisho, na pale panapouma usiparuke. Ukiona alama shambani kwako, usikimbilie koleo, mwache kwanza mume akumbuke alichotumwa. Na ukiacha chupa ya chai chini ya mgomba, nenda zako gulioni kweli kweli, usirudi kuchungulia ni nani anayekunywa. Jioni utaikuta imeoshwa.