Nyaya Mbili za Fensi ya Ndovu

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Voi hakunikaribisha hata kwa chai. Aliniwekea redio mezani. "Mwenyewe anasema imezima tu. Wewe unasemaje?" Nikajibu labda imechoka. "Inuse kwanza," akasema. Ilinuka kuungua. Mtu alikuwa ameigeuzia betri, waya wa chanya kwenye hasi na wa hasi kwenye chanya. Tangu siku hiyo sijaamini mtu anayeniambia kitu kimezima chenyewe.

Vijana mnaosoma haya, mjue mashine nzuri huwekewa daiodi mlangoni, kidude kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Betri ikigeuzwa, daiodi huungua, fyuzi hukatika, na kazi yako inakuwa ndogo. Mashine ya bei rahisi haina daiodi. Humo utakuta kapasita, vikopo vidogo vya kuwekea umeme, zimefura na chipu zimepasuka. Lakini ukitengeneza bila kuuliza nani aliigeuza betri, jitayarishe kuipokea tena.

Nilipelekwa kwanza Werugha, kule milimani, nikapambana na mashine za sola zilizoingiwa na unyevu wa ukungu. Kisha nikarudishwa tambarare kushughulikia fensi za stima zinazozuia ndovu. Huku chini vumbi hupaka kila kitu rangi moja. Haupiti muda, waya mweusi wa hasi nao umekuwa mwekundu kama ule wa chanya. Ndiyo sababu Fundi Mkuu alituamuru kuukata waya wa hasi uwe mfupi, usifike kichwa cha pili cha betri. "Macho yatakudanganya," alisema. "Pima kwa mkono." Watunza fensi wote walifundishwa hivyo: mfupi karibu, mrefu mbali.

Karibu na kustaafu niliitwa kwenye mashamba fulani nje ya mji, ambako fensi niliifunga mwenyewe. Mashine ya fensi ilikuwa imekufa na ndovu wakala mahindi ya kikundi kizima cha wakulima, isipokuwa shamba moja, la mamake Wakesho. Na Wakesho ndiye aliyekuwa mtunza fensi. Mwenyekiti wa kikundi alinivuta kando.

"Fundi, mashine tutanunua nyingine. Wewe sema tu mbele ya watu kwamba huyu Wakesho ameiharibu makusudi, aondoke."

Nami nilimshuku Wakesho, maana mimi humshuku kila mtu. Ila nilimshuku pia mwenyekiti, kwa kuwa mwenye haraka ya hukumu ana lake. Shamba la mamake lilikuwa la pilipili, na ndovu hagusi pilipili. Kila mtu pale alilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Nilifungua mashine. Daiodi ilikuwa nyeusi tititi, kwa hiyo betri ilifungwa kinyume kweli. Watu wakanung'unika.

"Nimefunga vile tulifundishwa," Wakesho akasema. "Mfupi karibu, mrefu mbali."

Nikapangusa vumbi juu ya betri, nikaweka mita. Chanya ilikuwa upande wa karibu, mahali pa hasi.

"Hii si betri niliyowakatia nyaya," nikasema. "Ilitoka wapi?"

"Mwenyekiti aliipeleka Voi kuchaji," Wakesho akajibu. "Ndiye aliirudisha na pikapu yake."

"Ni ile ile," mwenyekiti akasema, huku akijipangusa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu.

Mzee mmoja akacheka kidogo. "Hiyo pikapu tulikuwa tunaisukuma kila Jumapili. Siku hizi inawaka mara moja."

Pikapu ilikuwa pale pale, tukafungua boneti. Betri ya fensi ilikuwa humo, na alama yangu ya rangi bado iko ubavuni. Mwenyekiti akaondoka kwa miguu.

Nimestaafu sasa, niko kwetu Mghange. Vijana huniuliza kama kushuku watu hakuniharibii usingizi. Nawaambia mwizi wa mali hupatikana. Kinachoniuma ni jioni ile, baada ya mashine kupona, kikundi kilipomrudishia Wakesho funguo za fensi kwa vifijo, naye akaziweka chini.

"Mmenijua tangu nikiwa mtoto," aliwaambia. "Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza."

Akaenda nyumbani. Msimu uliofuata hawakupata mtu wa kuzichukua zile funguo, na ndovu wakarudi.