Kuku Niliowafunika kwa Tangawizi

Jumamosi ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Leo nikikuona hapo unaponda tangawizi na kitunguu saumu, inanirudia puani.

Nilikuwa Form Two, tukikaa Kitengela, miaka ya tisini, na haya ilikuwa imenizidi. Maneno yangu yote yaliishia kwenye daftari nililoficha chini ya godoro. Nikitumwa chumvi kwa jirani, nilizunguka nyumba kisha nikarudi kusema hakuna mtu.

Dada yangu Agneta alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia, na watu wa kanisa walikuwa waje saa nane kumwombea mtoto. Asubuhi mama alichinja kuku wawili, akawakatakata, akaniagiza kabla ya kwenda sokoni: "Ponda tangawizi na saumu, tia chumvi na ndimu, wapake vizuri. Halafu wapeleke kwa Yeyo Naserian awaweke kwa friji. Usikae nao hapa, jua ni kali."

Yeyo Naserian alikuwa jirani wetu Mmaasai, mama mwenye sauti kubwa; yeyo kwao ni mama. Niliponda, nikapaka, nikabeba beseni mpaka kwa geti lake. Nikasikia watu wakicheka ndani. Sikubisha. Nilirudi, nikasukuma beseni chini ya meza, nikajidanganya kwamba saumu ni kali, itazuia nyama isiharibike.

Saa saba, jikoni mabati yakiwaka joto, nilifunua beseni. Chini ya harufu ya tangawizi kulikuwa na harufu nyingine. Nyama iliteleza vidoleni. Unajua nilifanya nini, mwanangu? Niliponda tangawizi tena. Nikaongeza saumu mpaka macho yakatoa machozi, nikafunika.

Mama alifika mbio, wageni wako nyuma yake, na mafua yamemziba pua. Akamimina nyama yote kwa mafuta moto, akaivisha, akakimbilia sebuleni. Huko wimbo ukaanza. Niliujua: beti nne, kisha chakula.

Ubeti wa kwanza nilipanga sahani. Wa pili, Agneta akachungulia, mtoto kifuani. "Kuku ameiva? Mimi naskia njaa mbaya."

Nikaitikia kwa kichwa. Akarudi.

Ndipo Yeyo Naserian akaingia jikoni kusaidia kubeba sahani.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia. "Kuku ziko wapi? Friji nimeitolea nafasi tangu asubuhi, vile mama yako aliniambia." Akainamia sufuria, akanusa, akaninusa na mimi. "Tangawizi yote hii ni ya nini? Kwetu nyama ni chumvi tu, ndio ikiwa mbaya pua ijue. Unaficha nini, msichana?"

Ubeti wa tatu ulikuwa unaisha.

"Zilikaa hapa," nikanong'ona. "Ziliharibika."

"Usiniambie mimi, mimi nishanusa. Ambia hao wanataka kula."

Sijui miguu ilinifikishaje sebuleni. "Msikule kuku," nikasema, na wimbo ukakatika. "Zimeoza. Ni mimi."

Mama alinitazama, kisha akageukia ukuta. Agneta alimkumbatia mtoto kwa nguvu, na hilo ndilo liliniumiza kuliko kofi lolote. Kuku tuliwafukia nyuma ya choo. Wageni walikula ugali na mboga ya sukuma, wakashukuru kana kwamba ni sherehe.

Tukiosha vyombo, Yeyo Naserian aliniambia polepole, "Mlango yangu haiumi mtu. Ungebisha tu."

Siku hiyo sikuandika kitu kwenye daftari langu. Nilikuwa nimeshasema.

Basi mwanangu, ponda inayokutosha, upake nyama ikiwa bado safi, na uiweke kwa baridi saa hiyo hiyo. Tangawizi na saumu hutia ladha. Hazifufui nyama iliyoharibika. Ukikosea, sema kabla sahani hazijatoka jikoni. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, lakini sema.

Mungu akupe majirani wa kubishia hodi, na kila atakayekula mkononi mwako aamke salama.